UZI: Shairi moja, majina matatu ya bahari (aina ya shairi). Nani yuko sahihi?

#1 Mwanagenzi_Bungoma

Hamjambo wana ukumbi. Tuko watatu tunadurusu ushairi wa karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili wa KCSE (102/3) na tumekwama. Hizi hapa beti mbili zilizotungwa kwa ajili ya mazoezi tu, kuhusu omena (dagaa) inayouzwa kwa gorogoro (mkebe wa kupimia) katika soko la Kibuye, Kisumu:

*Asubuhi Kibuyeni, biashara yaamka,*
*Omena gorogoroni, hadi juu yafurika,*
*Wateja wako foleni, kila mtu aitaka,*
*Bei ikipanda leo, kesho nayo itashuka.*

*Na mvua kubwa kinyesha, wavuvi warudi nyuma,*
*Omena haitatosha, gorogoro litahema,*
*Bei wataipandisha, bila ya hata huruma,*
*Bei ikipanda leo, kesho nayo itashuka.*

Mmoja anasema hii ni tarbia. Wa pili anasema mathnawi. Wa tatu anashikilia ukaraguni. Kila mmoja ana kitabu mkononi kinachomuunga mkono. Tena kuna ugomvi wa mizani (idadi ya silabi): mmoja anapata tisa kwenye "Na mvua kubwa kinyesha" na anasema shairi ni guni (lina kasoro ya vina au mizani). Tusaidieni.

#2 Karani_wa_Kibuye

Wote watatu wako sahihi. Wanachogombania si jibu, ni kipimo. Mtu mmoja anaweza kuitwa mrefu, mkulima na baba wa mapacha, na hakuna jina linalofuta jingine. Shairi nalo hupimwa kwa vigezo kadhaa, na kila kigezo kina majina yake.

Ukihesabu mishororo (mistari) ya ubeti: miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa, sita tasdisa, saba usabia, kumi ushuri. Majina haya yanatoka kwenye hesabu ya Kiarabu, kwa hiyo anayejua "arubaini" ameshapata tarbia, na anayejua "hamsini" ameshapata takhmisa. Huna haja ya kukariri kwa jasho.

Ukihesabu vipande vya mshororo: kimoja ni utenzi, viwili ni mathnawi, vitatu ni ukawafi, vinne ni mavue. Kipande cha kwanza kinaitwa ukwapi, cha pili utao, cha tatu mwandamo, cha nne ukingo. Kinachotenga kipande na kipande ni kituo cha pumzi, na kwenye karatasi mara nyingi huwekwa koma.

Ukiangalia vina (silabi zinazofunga vipande) kutoka ubeti hadi ubeti: vikibadilika vyote, vya kati na vya mwisho, ni ukaraguni. Visipobadilika kabisa toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ni mtiririko. Upande mmoja ukisimama palepale na upande wa pili ukibadilika, ni ukara.

Halafu kuna urefu na urudiaji. Mshororo wa mwisho ukiwa mfupi kuliko wenzake, ni msuko. Neno au kifungu kilekile kikianzia kila mshororo, au kila ubeti, ni kikwamba. Maneno yanayofunga ubeti yakichukuliwa kufungulia ubeti unaofuata, ni pindu, na wengine huita mkufu.

Sasa rudi kwenye omena yako. Mishororo minne: tarbia. Vipande viwili: mathnawi. Ubeti wa kwanza vina ni -ni na -ka, wa pili ni -sha na -ma: ukaraguni. Kwisha ugomvi.

#3 Fasihi_Lurambi

Naongezea jambo linalowapotezea watahiniwa alama za bure. Swali likisema "Taja bahari na uthibitishe", jina na ushahidi lazima vitoke kwenye kigezo kimoja. Mtu anaandika "Ni mathnawi kwa sababu kila ubeti una mishororo minne." Jina ni sahihi, shairi kweli lina mishororo minne, lakini jibu limekufa. Mishororo minne huthibitisha tarbia. Mathnawi huthibitishwa na vipande viwili.

Na swali likitaja kigezo, "kwa kuzingatia vina", usilete tarbia hapo hata ikiwa ndiyo unayoijua vizuri. Soma swali mara mbili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

#4 Mwanagenzi_Bungoma

Asante walimu. Na mizani? Hiyo "mvua" ni mbili au tatu?

#5 Mtunzi_Njoro

Mbili: mvu-a. Hesabu mshororo: na (1) mvu-a (3) ku-bwa (5) ki-nye-sha (8). Timamu.

Mwenzenu amepata tisa kwa sababu amehesabu m-vu-a. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tulieni nayo kidogo.

Mizani ni silabi, na silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Hesabu irabu kwanza. Irabu mbili zikifuatana ni silabi mbili hata kama ni ileile: ju-u, ta-a, m-ze-e, njo-o-ni, ya-a-m-ka. Anayehesabu "juu" kuwa moja ataona "hadi juu yafurika" ina saba na kulaumu mtunzi bure. Kwa upande mwingine, konsonanti zilizoambatana na kiyeyusho (w au y) haziongezi kitu: kwe-tu, mwa-li-mu, bwa-na.

Kisha njoo kwa M na N. Hizi wakati mwingine ni silabi nzima na wakati mwingine ni mkia wa konsonanti inayofuata. Vipimo vyake ni viwili.

Cha kwanza ni asili ya neno. M ya ngeli ya A-WA inayogeuka "wa" katika wingi, na ile ya U-I, ilikuwa "mu", kwa hiyo bado inasimama peke yake: m-tu, m-vu-vi, m-vu-ke. M inayowakilisha mtendwa ndani ya kitenzi pia: a-li-m-pa, ni-m-be-be. Lakini M au N ya ngeli ya I-ZI, na ya majina ya wanyama yasiyobadilika katika wingi, hujibana na konsonanti: mvu-a, mbu-zi, ndi-zi. Ndiyo maana neno moja laweza kubadilika uzani kwa maana yake. "Mbuni" yule ndege ni mbu-ni, mbili. "Mbuni" mti wa kahawa ni m-bu-ni, tatu. "Mtu mbaya" ni m-tu m-ba-ya, mizani tano. "Nyumba mbaya" ni nyu-mba mba-ya, nne. Huwezi kupima shairi bila kulielewa, na huwezi kulielewa bila kulipima.

Cha pili ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "nchi" polepole: sauti inakaza juu ya N. Basi N ni silabi: n-chi. Vivyo hivyo m-bwa, n-ne, n-ta. Hapo M au N haikuwa "mu", lakini shina ni fupi mno, kwa hiyo N au M inalazimika kusimama. Tamka "chumvi": mkazo uko kwenye chu-. Basi ni chu-mvi, mbili.

#6 Bint_Milimani

Mtunzi, na "daktari" je? Na "labda"? Kuna wanaohesabu da-k-ta-ri nne na wanaohesabu dak-ta-ri tatu.

#7 Mtunzi_Njoro

Dada, hapo pana mivutano ya kweli. Wa kundi la kwanza wanaipa K silabi yake. Kundi la pili linaita "dak" silabi funge (inayoishia kwa konsonanti) na kuihesabu moja. Ukiwa unasoma shairi la mtu, pima mshororo wote: kama wenzake wana nane na huu unatoka nane kwa hesabu ya tatu, basi mtunzi alihesabu tatu. Acha shairi lenyewe likuambie. Ukiwa unatunga, kwepa balaa: tumia "tabibu" badala ya "daktari", na "huenda" badala ya "labda". Hakuna atakayebisha ta-bi-bu.

Majina ya kwetu nayo yana vituko. Kakamega ni nne, Kisumu tatu, Kondele tatu. Lakini "Mumias" inaishia kwa S isiyo na irabu, na mshairi wa arudhi (kanuni za vina na mizani) atakuandikia "Mumiasi" ili apate Mu-mi-a-si, nne zisizo na ubishi.

#8 Fasihi_Lurambi

Nami niseme juu ya vina, maana ukanda wetu una mtego wake. Kina ni silabi ya mwisho ya kipande, si herufi ya mwisho. "Omena" na "mbuga" zote zinaishia A lakini -na si -ga. Sasa, kwa baadhi ya wazungumzaji wa Kijaluo, "sh" hutamkwa kama "s", kwa hiyo "nyesha" na "tesa" zitasikika kama vina vinavyofanana. Kwa baadhi ya wenzetu wa Kibukusu, "g" huelekea "k", na "mboga" na "choka" zikawa pacha. Sikio likikudanganya, tumia jicho: andika silabi za mwisho pembeni, moja chini ya nyingine. Kwa shairi la omena:

Ubeti 1: ni, ka / ni, ka / ni, ka / o, ka
Ubeti 2: sha, ma / sha, ma / sha, ma / o, ka

Jedwali hilo dogo linakupa ukaraguni papo hapo, na linakuonyesha kibwagizo (mshororo wa mwisho unaorudiwa) kabla hujasoma neno hata moja.

#9 Mwanagenzi_Bungoma

Hapo hapo mwalimu. Ubeti wa pili vina vya mwisho ni ma, ma, ma, halafu ka. Si ni kasoro?

#10 Karani_wa_Kibuye

Hapana. Kibwagizo kina ruhusa yake. Kwa kuwa kinarudiwa bila kubadilika kila ubeti, hakiwezi kufuata vina vya kila ubeti. Ingekuwa kasoro kama mshororo wa kwanza, wa pili au wa tatu ungekengeuka. Huo ndio ungeitwa guni.

Na tusichanganye majina ya mshororo wa mwisho. Ukirudiwa ubeti hadi ubeti ni kibwagizo, au kiitikio, au mkarara. Ukibadilika kila ubeti ni kiishio, au kimalizio. Mtu akiandika "kimalizio kinarudiwa" amejipinga mwenyewe. Mshororo wa kwanza huitwa kifunguo na wa pili mloto, lakini hayo huulizwa mara chache.

Ukitaka kuona msuko, kata kibwagizo hiki: badala ya mshororo mzima weka "Kesho nayo itashuka" peke yake, mizani nane chini ya mishororo ya kumi na sita. Ukitaka pindu, fungua ubeti wa pili na maneno hayo: "Kesho nayo itashuka, leo tutie subira." Mabadiliko madogo, jina jipya.

#11 Bint_Milimani

Sasa tuingie pale panaponiudhi zaidi kwenye majibu ya watahiniwa: uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kawaida ya lugha. Kila kitu, jibu ni "ili kutosheleza mizani". Inkisari, mizani. Mazida, mizani. Kuboronga sarufi, mizani. Wanaandika kama kasuku, na nusu ya majibu hayo hayawezi kuwa kweli hata kidogo. Chukueni mmojammoja muone.

*Inkisari* ni kufupisha neno. Katika "Na mvua kubwa kinyesha", neno kamili ni "ikinyesha". Rudisha ile I uhesabu: tisa. Kwa hiyo ndiyo, hapa ni mizani, na una ushahidi wa namba.

*Mazida* ni kurefusha. "Kibuyeni" ni mfano mzuri kwa sababu kwa kawaida jina la mahali halipokei -ni. Tunasema "naenda Kibuye", hatusemi "naenda Kibuyeni". Ondoa -ni, kipande kinabaki na saba. Lakini angalia tena: -ni hiyo ndiyo kina cha kati cha ubeti! Imefanya kazi mbili, mizani na vina. Ukitaja zote mbili umeonyesha kuwa umesoma. "Gorogoroni" siyo mazida. Gorogoro ni chombo, na chombo hupokea -ni kihalali.

*Tabdila* ni kubadilisha sauti ndani ya neno bila kuongeza wala kupunguza silabi. Tuseme vina vya ubeti wa pili vingekuwa -mu, na mtunzi akaandika "hurumu" badala ya "huruma". Hesabu: hu-ru-ma tatu, hu-ru-mu tatu. Mizani haikuguswa! Tabdila ya namna hiyo ni ya vina. Anayeandika "ili kutosheleza mizani" hapo anasema jambo ambalo vidole vyake vitalikana.

*Kuboronga sarufi*, yaani kupindua mpangilio wa maneno: "nimeuza langu jembe" badala ya "nimeuza jembe langu". Hesabu zote mbili: nane, nane. Ni maneno yaleyale, yatabadilikaje uzani kwa kubadilishana viti? Kilichobadilika ni silabi ya mwisho, kutoka -ngu hadi -mbe. Kwa hiyo ni vina. Na kama neno lililopinduliwa liko katikati ya kipande ambapo halifiki kwenye kina, basi si vina pia. Ni msisitizo au mapigo ya usomaji.

*Lahaja*: "moya" kwa "moja", "mato" kwa "macho", "nti" kwa "nchi". Hesabu silabi, ni sawa kwa sawa. Mara nyingi ni vina, au ladha ya pwani.

Kanuni ninayowapa wanaouliza: rudisha neno katika umbo la kawaida, kisha hesabu. Namba ikibadilika, andika mizani. Silabi ya mwisho wa kipande ikibadilika, andika vina. Vikibadilika vyote, andika vyote. Kisipobadilika chochote, tafuta sababu katika maana.

#12 Kijana_wa_Nyalenda

Na "yafurika" si inkisari ya "inafurika"? Kila mahali naona watu wakiitaja.

#13 Bint_Milimani

Ndugu, hiyo ni wakati wa -a-: i + a + furika. Ni sarufi kamili, haijakatwa kitu. "Yaamka" vivyo hivyo. Wapo watakaokupa alama ukiitaja, lakini kwa nini utegemee huruma na "kinyesha" ipo pale pale imekatwa kichwa waziwazi? Chagua ushahidi usiobishiwa.

#14 Fasihi_Lurambi

Nakubaliana na dada mia kwa mia. Nitie na la lugha nathari, ambayo wengine huita lugha tutumbi, maana haliepukiki. "Andika ubeti wa kwanza kwa lugha ya nathari." Jibu la ubeti wa omena lingekuwa kama hivi:

"Kila asubuhi biashara huanza katika soko la Kibuye. Omena hujazwa kwenye gorogoro hadi ikamwagika. Wateja hupanga foleni na kila mmoja hutaka kuinunua. Hata bei ikiongezeka leo, kesho itapungua."

Tazameni kilichofanyika. Hakuna mishororo, ni aya moja. Kila mshororo umepata sentensi yake, kwa hiyo hakuna hoja iliyoachwa. Vina vimekufa kwa makusudi. "Yaamka" imekuwa "huanza" kwa sababu biashara haina macho. Ile ilikuwa tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), na nathari huifungua. "Itashuka" imekuwa "itapungua".

Makosa ni matatu. Kuna anayeondoa koma tu na kuita hiyo nathari. Kuna anayesahau kibwagizo akidhani ni pambo. Na kuna yule mwanafalsafa, anayeandika "Mshairi anatufundisha kwamba maisha yana kupanda na kushuka." Huo ni ujumbe. Hukuulizwa ujumbe.

#15 Kijana_wa_Nyalenda

Tafadhali nami nipimiwe utenzi wangu. Ubeti wa kwanza nimepewa na rafiki wa Nakuru, kuhusu Menengai, volkano ya huko; wa pili ni wangu, kuhusu heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru.

*Menengai yapumua,*
*mvuke yaufumua,*
*umeme tukachukua*
*wa kuwasha taa zetu.*

*Ziwani kuna heroe,*
*njooni nyote muone,*
*wamesimama wengine*
*kwenye maji ya chumvi.*

#16 Mtunzi_Njoro

Wa rafiki yako umesimama. Me-ne-nga-i ya-pu-mu-a, nane. M-vu-ke ya-u-fu-mu-a, nane. Na angalia M ya "mvuke" ni silabi, tofauti na ya "mvua". Mishororo mitatu ya mwanzo inafunga kwa -a, tena -ua nzima, ambayo ni zaidi ya inayodaiwa. Wa nne unafunga kwa -tu. Hiyo -tu ndiyo bahari ya utenzi (hapa bahari ni kina hicho, si aina ya shairi): itabidi irudi mwisho wa kila ubeti hadi utenzi uishe, hata ukiwa na beti mia tano.

Wako sasa. Una kasoro nne, na tatu zina dawa rahisi.

Mosi, vina. "Heroe" silabi yake ya mwisho ni -e tupu: he-ro-e. "Muone" na "wengine" ni -ne. Sikio linasema zinafanana kwa sababu irabu ni moja, lakini kina ni silabi nzima. Guni hiyo.

Pili, mizani ya mshororo wa nne: kwe-nye ma-ji ya chu-mvi, saba. Nadhani ulihesabu chu-m-vi. Kumbuka mkazo.

Tatu, "chumvi" haifungi kwa -tu. Umevunja bahari katika ubeti wa pili tu, mapema mno.

Nne si ya arudhi, ni ya ukweli: Ziwa Nakuru ni la magadi. Mshairi ana uhuru na maneno, si na ziwa.

#17 Kijana_wa_Nyalenda

Aisee! Nijaribu tena:

*Ziwani twende tuone,*
*heroe wafuatane,*
*wamesimama wengine*
*kwenye magadi ya kwetu.*

#18 Mtunzi_Njoro

Zi-wa-ni twe-nde tu-o-ne, nane. He-ro-e wa-fu-a-ta-ne, nane. Na umemtoa heroe mwisho wa mshororo ukamweka mwanzoni ambapo -e yake haimdhuru mtu. Wa-me-si-ma-ma we-ngi-ne, nane. Kwe-nye ma-ga-di ya kwe-tu, nane na -tu imerudi nyumbani.

Kwa umbo umepita. Kwa maana, "wafuatane" inaning'inia kidogo: ni ombi, au ni picha? Kama ni picha, sarufi ingetaka "wanafuatana" na kina kingeharibika. Hapo umeminya sarufi kwa ajili ya vina. Inaruhusiwa, lakini msomaji makini ataiona. Usiizoee.

#19 Bint_Milimani

Kwa hiyo akiulizwa uhuru wa mshairi katika ubeti wake mwenyewe, anajua pa kuanzia 😄

#20 Mwanagenzi_Bungoma

Swali la mwisho kwangu. Tukikutana na shairi lisilo na vina wala mizani? Wengi huandika "halina arudhi" wakanyamaza.

#21 Karani_wa_Kibuye

Shairi huru si shairi lililolegea. Mabishano juu yake yalivuma sana miaka ya 1970, hasa baada ya mshairi Euphrase Kezilahabi wa Tanzania kutoa diwani yake mwaka 1974, na wanamapokeo (watetezi wa vina na mizani) waliuliza swali hilihili: bila vina, linasimama kwa nini? Jibu ni kwamba linasimama kwa mpangilio mwingine, na kazi yako ni kuutaja.

Tazama hapa, Dunga ikiwa ni ufuo wa wavuvi huko Kisumu:

*Dunga.*
*Jua linazama na*
*nyavu*
*bado*
*hazijarudi.*

Hakuna hesabu ya mizani. Lakini "Jua linazama na" ni mshata: mshororo umekatwa kabla maana haijatimia, na msomaji anavutwa chini kutafuta lililobaki. "Nyavu" iko peke yake kama kitu kinachosubiriwa. "Bado" nayo peke yake, na usomaji unapunguza mwendo pale wasiwasi unapoongezeka. Kama mishororo hii ingepangwa kuwa sentensi moja, "Jua linazama na nyavu bado hazijarudi", taarifa ni ileile na wasiwasi umekwenda.

Kwa hiyo katika shairi huru, sema: mishororo haina urefu sawa, ipo mishata (inukuu), vina havikuzingatiwa, urari unatokana na takriri (kurudia maneno) au usambamba (kurudia muundo) kama upo. Kisha taja athari. "Halina arudhi" ni nusu ya sentensi.

Na nafsineni usimsahau, kwa shairi lolote lile. Nafsineni ni anayesema ndani ya shairi, si mtu aliyeandika. Kwenye omena, nani anasema "Bei wataipandisha"? Anasema "wa-", wao. Basi yeye si mchuuzi. Yuko upande wa wanunuzi, au ni mtazamaji anayewahurumia. Kiambishi kimoja tu hicho. Toni nayo utaipata hapohapo: "bila ya hata huruma" ni lawama, halafu kibwagizo kinaleta matumaini. Ukiandika "toni ya huzuni" kwa sababu mvua inanyesha, umesoma hali ya hewa, hujasoma shairi.

#22 Fasihi_Lurambi

Karani, na mimi nakupinga kidogo. Kibwagizo kile chaweza kuwa kejeli. "Kesho nayo itashuka" ikirudiwa baada ya ubeti wa pili, ambapo mvua imekuja na omena imepungua, inasikika kama maneno ya kujifariji tu. Maneno hayajabadilika, lakini ubeti uliotangulia umeyabadilisha ladha.

#23 Karani_wa_Kibuye

Nimekubali. Basi mtahiniwa aandike lolote kati ya hayo mawili, mradi anukuu. Matumaini, kwa ushahidi wa "itashuka". Kejeli, kwa ushahidi kwamba "omena haitatosha" inakinzana na ahadi ya kibwagizo. Asichoweza ni kuandika toni bila kunukuu kitu.

#24 Mwanagenzi_Bungoma

Tumepiga hesabu upya sote watatu, mishororo yote minane. Kumi na sita kila mmoja. Aliyepata tisa kwenye "mvua" ameomba radhi, sasa anabishana nasi kuhusu "mbuni".

#25 Mtunzi_Njoro

Muulizeni kwanza: ana manyoya au ana majani?